Mbegu ya Wasemeje

Hail, Jumapili 2 Oktoba 1966

Kwa jina la Mola naanza, na kwa kuchoka kwa mke wangu. Mahbuba kanambia jana: "Suud, habari za mbwa zishanijaa mpaka puani. Kama huna wa kumwambia, iambie karatasi." Basi nakwambia wewe, karatasi, nawe huwezi kukimbilia jikoni.

Mbwa mwenyewe ni Wasemeje. Jike, rangi ya kahawa iliyotiwa maziwa kidogo, kifua kipana, miguu mifupi, sikio la kushoto limepasuliwa na nguruwe kule Donge, Unguja, tulikokuwa na shamba. Tulipoondoka mwaka wa sitini na nne watu walibeba dhahabu, wengine picha za wazee wao. Mie nilipanda meli na mke, msala na mbwa. Nahodha alikataa, akakubali, akakataa tena. Nadhani alimwonea huruma Mahbuba, kwa alivyokuwa kanyamaza.

Wasemeje keshakuwa mkubwa. Mdomo umeanza mvi. Akizaa tena mara moja, itakuwa ndiyo mwisho. Na hapa Hail, kijiji cha Waarabu tulikohamia, ukimtoa mwanawe aliyeko bandarini Matrah, mbwa mwengine wa mbegu ya Donge hayupo.

Hilo ndilo linalonikosesha raha.

Ijumaa 7 Oktoba

Baada ya sala kaja Ghanim kutoka Matrah, kapanda gari la mizigo, mbwa kampakata. Ghanim alikuwa msasi mwenzangu Donge, sasa anapakua magunia bandarini. Mbwa wake ni huyo mtoto wa Wasemeje, aliyezaliwa melini, akaitwa Safari. Kalingana na mama yake kama ndugu pacha.

Tumekaa chini ya mlimau tukikumbuka. Pembe ikipulizwa alfajiri, watu wanatoka majumbani na mikuki, mbwa thalathini, ngoma na makelele kama maulidi, na nguruwe aliyekwisha kula muhogo wa mayatima anajua leo ni leo. Ghanim kaiigiza ile sauti ya kuwaita mbwa kurudi: "Haoo! Njoo kwetu, njoo!" Wasemeje na Safari wote wawili wakasimama wima. Mahbuba kutoka jikoni akasema, "Mtawaita na majini."

Halafu Ghanim kasema alilolijia. "Mpandishe kwa Safari."

"Mtu na mwanawe?"

"Mbwa hawana mirathi, Suud. Tukimpandisha kwa Safari, tunabaki na Donge tupu. Tukichanganya, basi tena, imekwisha."

Nikamwongeza kahawa. Moyo wangu ulikuwa ushasema ndiyo.

Jumatano 12 Oktoba

Upepo wa vumbi. Limau zimepukutika.

Ijumaa 14 Oktoba

Leo nna mengi, na mengi ni aibu.

Nyuma ya mashamba, kwenye migunga, wamepiga kambi mabedui wanaokuja kila baridi. Mzee wao ni Marhoon, mtu mrefu, mkavu, ndevu nyekundu kwa hina. Anaye saluki, mbwa wa mbio wa kibedui, dume mweupe, jina lake Sarabi, yaani mazigazi. Mbwa huyo analala juu ya zulia, ndani ya hema! Mie Wasemeje analala bandani, na bakuli lake Mahbuba halisogezi hata kwa ncha ya ufagio. Marhoon hasemi "mbwa" akimtaja Sarabi. Husema "huyu huru," yaani muungwana.

Nilimwomba tuwinde pamoja. Tumeelewana kwa Kiarabu changu cha kuungaunga. Tukatoka, yeye na Sarabi, mie na Wasemeje, na pembe yangu shingoni.

Akaruka sungura. Marhoon akasema Bismillah kwa sauti ya chini, akamwachia Sarabi kamba. Subhanallah. Sijapata kuona kiumbe kinakimbia vile. Miguu haigusi chini. Damu ikanipanda, nikasahau niko wapi. Nikapuliza pembe kwa nguvu zangu zote, nikapiga ukelele wa Donge: "Huyooo! Mshike huyooo!"

Sarabi akasimama. Akageuka akanitazama kama mtu aliyekatizwa sala. Sungura akaingia kwenye mawe, kapotea.

Marhoon akaikunja kamba taratibu. Kisha akasema, "Ya Suud, watu wa Zinjibar, mnakwenda kuwinda au mnampeleka bwana harusi?"

Kwetu kelele ndiyo kazi yenyewe. Nguruwe hutolewa kichakani kwa makelele. Huku mtu huwinda kwa kimya, na saluki hukimbia kwa jicho, akivurugwa anapotea. Ningejuaje?

Nikataka kuisafisha aibu. Nikamwachia Wasemeje. Huyo hakutazama popote. Aliinamisha pua, akaufuata mkondo jiwe kwa jiwe, akazunguka nyuma ya kilima, akabweka mara mbili kunambia kapata. Marhoon akanyanyua nyusi. Tukakimbia. Tulipofika Wasemeje alikuwa keshamla sungura nusu, anapangusa mdomo kwa ulimi.

Basi hapo ndipo palipokuwa na aibu ya pili, maana mnyama aliyeliwa na mbwa haliwi na mtu. Mbwa anakuwa kajiwindia mwenyewe. Marhoon aliuliza kwa hasira ni mwalimu gani aliyemfunza mbwa huyu. Nikamweleza kuwa kwetu tulikuwa tunawinda nguruwe. Muislamu hamli. Akishakufa anakuwa wa mbwa, ndiyo ujira wao.

Marhoon alicheka mpaka kilemba kikamwanguka. "Yaani mnatoka kijiji kizima, na mikuki, na ngoma, kuwatafutia mbwa chakula!"

"Tulikuwa tunaokoa muhogo," nikamwambia.

"Muhogo ni nini?"

Vipi utamweleza mtu muhogo?

Jumanne 18 Oktoba

Wasemeje kaanza kutaka dume. Siku hizi chache ndizo za kuamua.

Alkhamisi 20 Oktoba

Nimekuwa nikipima. Wasemeje: pua, moyo, utii. Hana mbio, na anakula alichokamata. Sarabi: mbio, macho, na mdomo wa amana, Marhoon kanionyesha, anamshika sungura bila kumtoboa, anakaa naye mpaka bwana wake aje. Lakini sungura akiingia kwenye mawe, Sarabi anasimama kama mgeni aliyepotea njia ya msikitini.

Mtoto wao atachukua nini kwa nani? Akichukua pua ya mama na mdomo wa baba, nchi hii haijaona mbwa kama huyo. Akichukua miguu ya mama na pua ya baba, nimezalisha mto wa kulalia.

Na kula kule, ni damu au ni mafunzo? Hilo sijui. Kama ni mafunzo, mtoto ataweza kufunzwa upya. Kama ni damu, Ghanim na Safari wake watanirudishia kosa lilelile mara mbili, maana kwa mama lipo na kwa mwana lipo.

Nilitaka kusali istikhara, kumwomba Mola anichagulie, nikaona haya kumpelekea jambo la mbwa. Kisha nikawakumbuka wale vijana waliolala pangoni, na mbwa wao kizingitini, naye katajwa pamoja nao Msahafuni. Nikasali.

Jumamosi 22 Oktoba

Nimekwenda kumwomba Marhoon dume lake. Kanikatalia kabla kahawa haijapoa. "Babu yake Sarabi alikuja na mahari ya nyanya yangu. Nimpe kwa mla nguruwe?"

Nimerudi nyumbani. Mahbuba akaniuliza mbona hivo. Nikasema, tumekataliwa posa. Akacheka peke yake mpaka magharibi.

Jumatano 26 Oktoba

Mola hupanga. Asubuhi nipo kisimani na ng'ombe, namwona Marhoon anakuja mbio, yeye asiyekimbia. Sarabi alimfukuza paa jana milimani hakurudi. Wamemtafuta usiku kucha. Akasimama mbele yangu, akaona tabu kusema. Akasema, "Ile pua."

Kanipa kipande cha zulia analolalia Sarabi. Wasemeje kainusa, tukaenda. Jua limetuchoma mpaka adhuhuri, Marhoon hafungui mdomo, mie pia nimejifunza kunyamaza. Katika bonde jembamba Wasemeje akabweka mara mbili. Sarabi alikuwa kaangukia shimo la mawe, ubavu umechubuka, ulimi mkavu, lakini mzima. Na chini ya mkono wake, paa. Hakumla. Usiku mzima na njaa ile, hakumla.

Marhoon akashuka, akampa maji kwa kiganja chake. Kisha, na haya ndiyo yaliyonishangaza, akaijaza maji kofia yake, akamnywesha Wasemeje.

"Damu ya Sarabi haiuzwi," akasema. "Lakini hupewa. Watoto watakapozaliwa, wa kwanza kuchagua ni mimi."

Nikampa mkono.

Ijumaa 28 Oktoba

Ghanim kaja na Safari, kamsugua manyoya kama wa kwenda kuoa. Nikamwambia.

Akamvuta Safari kando. "Umeiuza Donge kwa mbwa mwembamba."

"Sikuuza, Ghanim."

"Tumebaki na nini, Suud? Nyumba hatuna. Mikarafuu hatuna. Makaburi ya wazee hatuyafagii. Tulikuwa na mbegu hii moja, safi, inatujua kwa sauti. Na wewe unaitia mchanga."

Nikamwambia mbegu usipoipanda penye udongo uliopo, inakuwa kumbukumbu ya mbegu. Ghanim akasema maneno mazuri hayazai mbwa. Akaondoka bila kunywa kahawa. Safari alikuwa anageuka nyuma kila hatua.

Sikula chakula cha mchana.

Jumamosi 29 Oktoba

Imekuwa. Alhamdulillahi. Marhoon alisimama kageuza uso, kwa adabu.

Jumapili 13 Novemba

Baridi imeingia, nzuri, ya kulala na shuka mbili. Mahbuba katafuta nazi Matrah akapata moja, kavu, ya kutoka Malabar. Kapika wali. Harufu ilituchukua moja kwa moja mpaka kizingitini kwa mama yangu, na hakuna aliyetaka kuwa wa mwanzo kurudi.

Ijumaa 25 Novemba

Tumbo la Wasemeje linaonekana. Ghanim hakuja. Nimempelekea salamu kwa dereva, hazikurudi.

Alkhamisi 15 Desemba

Ramadhani. Marhoon kaniletea maziwa ya ngamia ya kufuturia, akakaa. Kaniuliza tena muhogo ni nini. Mara hii nilichora mchangani: mti, mizizi, na nguruwe. Kasema, "Sasa nimefahamu kwa nini mlipiga ngoma." Zamani nilimwona mtu mwenye kiburi. Nadhani ni mtu anayeogopa kupoteza. Mie tena ndiye wa kumlaumu?

Jumamosi 31 Desemba

Wasemeje kazaa leo mchana. Alianza adhuhuri, na mpaka alasiri alikuwa keshachoka, umri huo. Nilimshika kichwa nikimwambia maneno ya kwetu. Wanne. Wawili wametoka wamekufa. Wawili wahai: dume rangi ya mchanga, miguu mirefu kama ya panzi, na jike jeusi lenye kifua cha mama yake, Donge mtupu. Nilipomwona jike huyo nilisema moyoni: Marhoon atachagua dume, bila shaka, na huyu atakuwa wangu.

Mahbuba kachungulia mlangoni. "Wazima?"

"Wawili."

"Basi fanya upesi ukoge, futari hii sikupi na mikono hiyo."

Jumatatu 9 Januari 1967

Mvua. Haikunyesha hivi tangu tufike. Bonde limeshuka na maji mekundu, limechukua ukuta wa shamba na kuku. Nilikuwa nje na majirani tunazuia kisima kisijae tope. Niliporudi banda limeanguka upande mmoja, Wasemeje kasimama majini kambeba dume mdomoni, kamnyanyua juu. Jike jeusi alikuwa chini.

Mama alikuwa na mdomo mmoja. Hakuweza kuwabeba wawili.

Nimemzika yule jike chini ya mlimau, kwenye mvua.

Nilipoingia ndani sikuamini. Mahbuba alikuwa kaketi jikoni, kamfunika kile kitoto kwa kanga yake ya harusi, anakipuliza puani. Wasemeje kalala miguuni pake, ndani ya nyumba, karibu na vyungu.

"Mahbuba, najisi."

"Tutaosha mara saba na udongo," akasema. "Udongo leo tunao hata wa kugawa. Leta kuni."

Alkhamisi 12 Januari, Idi

Ghanim kaja kutoa mkono wa Idi. Mungu amzidishie. Tumekumbatiana hatukusema juu ya yaliyopita. Akakiona kitoto, akakinyanyua, akakifungua mdomo, akakitazama kifua. Akakaa chini polepole.

"Ana macho ya Wasemeje," akasema.

"Ndiyo."

"Na huyu mmoja tu ndiye kabaki? Na yule bedui kasema achague kwanza?" Akaniinamia. "Mwambie wamekufa wote. Mvua ile imeua mpaka ngamia. Nani atakuuliza?"

Sikumjibu hapo hapo, na nisikufiche wewe, karatasi: sikumjibu kwa sababu nilikuwa nalifikiria. Mwezi mzima nimefunga, na siku ya kwanza ya kufungua nakaribishwa uongo mtamu kama haluwa. Nikakiona kitoto kinanyonya kidole cha Ghanim.

"Nilimpa mkono," nikasema mwisho.

Ghanim akashusha pumzi. "Najua. Nilitaka tu mtu aliseme."

Jumapili 15 Januari

Nimekwenda kwa Marhoon nikamwambia: wamezaliwa wanne, kabaki mmoja, na kuchagua ni kwako.

Nitasema kweli, nilitaraji. Nilitaraji atasema, "Basi mchukue wewe." Alimimina kahawa, akanywa, akakitikisa kikombe.

"Namchagua huyo mmoja," akasema.

Lazima uso wangu ulisema kitu, maana aliendelea. "Ya Suud, ningekuachia ungekuwa mdeni wangu, na mimi ningekuwa mtu aliyekuonea huruma. Wewe si maskini wa kuonewa huruma. Umenipa neno, nimelipokea. Akae kwa mama yake mpaka tutakapohama. Umfunze pua. Mimi nitamfunza mdomo."

Nimerudi kwa miguu mizito. Lakini nitaandika na hili: nimetembea wima.

Ijumaa 3 Februari

Marhoon huja kila alasiri. Anamlisha mtoto kwa kiganja, anamwekea ini la kuku mbele, anamzuia kwa kidole kimoja, anasubiri, kisha anampa. Hapigi, hapazi sauti. Mahbuba kasema: "Ungenilea hivyo na mie ningekuwa mtiifu." Marhoon kauliza kasema nini. Nikamwambia kasema kahawa iko tayari.

Ijumaa 17 Februari

Leo ndiyo siku. Ghanim kaja kushuhudia. Nimeburuta ngozi ya sungura tangu kisimani, nikakata njia kwenye mawe, nikairudisha kushoto, nikaificha chini ya mgunga na kipande cha nyama ndani yake. Marhoon alimshika mtoto kamgeuza uso, asione. Nikasema Bismillah, ingawa ni ngozi tu.

Aliinua kichwa kwanza, akatazama mbali. Saluki mtupu. Akatazama tena, hakuona kitu. Kisha, taratibu, kama anayekumbuka jambo aliloambiwa tumboni, akainamisha pua.

Jiwe kwa jiwe. Kimya, bila kubweka. Penye mawe akababaika, akarudi nyuma, akaipata. Tukamfuata. Chini ya mgunga tulimkuta kalala, ngozi iko baina ya mikono yake, nyama imo ndani nzima. Mate yanamtoka, mdomo haufunguki. Anatungoja.

Ghanim aligeuka akajifanya anatazama ngamia. Marhoon alimshika bega.

Basi kule kula hakukuwa damu. Kulikuwa mafunzo tu. Tungeweza sisi pia kubadilika, kumbe.

Ijumaa 3 Machi

Kambi inavunjwa, joto limeanza kunukia. Marhoon kaja kumchukua. Mahbuba kamfunga mtoto kipande cha kanga shingoni.

Marhoon akaniuliza, "Anaitwa nani?"

"Wako huyo. Mpe jina wewe."

"Jina nitampa. Lakini anakuja kwa neno gani? Nimemwita jana kwa Kiarabu hakunitazama. Ninyi mmekuwa mkimwita kwa lenu."

Nikaona haya kumwambia, kwa alivyotucheka siku ile. Nikamwambia. Akajaribu, herufi zikamgombea mdomoni. "Injoo... kweitu."

"Njoo kwetu."

"Maana yake?"

Nikamfasiria. Aliinama, akafunga kamba, akachukua muda mrefu kuliko kamba inavyohitaji.

Jumamosi 4 Machi

Alfajiri nimesali nikakaa mlangoni na Wasemeje. Wamehama usiku kwa ajili ya jua. Vumbi lao lilikuwa bado linaonekana chini ya milima. Hakuna upepo. Nilikuwa nafikiri kwamba sasa hakuna tena, imekwisha, Ghanim alikuwa na haki.

Ndipo ikaja, kutoka mbali, nyembamba, kwa sauti ya mtu asiyezoea kupiga kelele: "Haoo! Injoo kweitu, injoo!" Na tena, kwa nguvu zaidi. Bila shaka mtoto kaona sungura.

Wasemeje akanyanyua kichwa, akabweka mara mbili.

Mahbuba katoka mbio jikoni, mikono imejaa unga, mtandio umemteleza, uso wake kama wa siku zile za Donge. "Suud!" kasema. "Kaja nani kutoka kwetu?"